Historia ya Mama Mizani na Kilo Zake Sitini na Moja

Ndugu wafiwa, majirani, watumishi wa kliniki ya figo, na ninyi wagonjwa mliokuja na vikombe vyenu vya mstari mwekundu mkidhani marehemu bado atawakagua, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba mtuvumilie, maana historia hii imeandikwa mara tatu. Ya kwanza aliiandika marehemu mwenyewe kwa mkono wake, akaiweka kwenye droo pamoja na vyeti vyake. Ya pili aliiandika mwanawe wa pekee, ambaye aliipitia ile ya mama yake kwa kalamu nyekundu na kuondoa ukurasa mzima wa mwaka 2017, akisema msibani si mahali pa kumvua mtu nguo. Ya tatu ni hii, imeandikwa jana mchana kwenye meza ya jikoni na mdogo wake marehemu, ambaye ndiye msomaji wenu, aliyekaa na dada yake nyumba moja kwa miaka kumi na minane, na ukurasa ule ameurudisha. Mwanawe amekaa hapo mbele, amenuna, na anaombwa avumilie kama wengine.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa ghala la nafaka na mkewe aliyekuwa mpishi wa shule, na mama alikuwa akieleza kwamba mtoto yule alilia muda mfupi tu, kisha akaanza kukodoa macho akitafuta kosa. Mdogo wake alizaliwa tarehe 2 Septemba 1963, na alipofikisha siku tisa, marehemu, akiwa na miaka sita, alimbeba hadi ghalani kwa baba, akamlaza juu ya mizani ya magunia, akausoma mshale, akarudi nyumbani na kumwambia mama kwamba huyu mtoto tumepunjwa. Maneno hayo yalirudiwa kwenye kila sherehe ya familia kwa miaka sitini, na watu walicheka kila mara, isipokuwa yule aliyepimwa.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1964, katika shule iliyokuwa nyuma ya ofisi ya posta, akamaliza mwaka 1970, kisha akajiunga na shule ya sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1971 hadi 1974, ambako alichaguliwa kuwa kiranja wa bwalo, na wenzake waliosoma naye, wawili wakiwa nasi hapa leo, wanakumbuka jinsi alivyosimama kwenye sufuria na rula mkononi, akisawazisha kila upawa ili asije mtu akapata tonge la ziada. Hakupendwa, ila hakuna aliyelala njaa wala aliyeshiba kuliko mwenzake katika miaka yake yote ya ukiranja. Mwaka 1975 alikwenda chuo cha vipimo na mizani, akahitimu mwezi Mei 1977 akiwa msichana pekee darasani, na wa kwanza.

Tarehe 1 Julai 1977 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitano, akizunguka sokoni, madukani, mabuchani na kwenye vituo vya mafuta na mkoba wake wa ngozi uliojaa mawe ya shaba, akiipiga lakiri mizani iliyo sawa na kuifungia iliyochezewa, bila kujali analia nani. Kuna muuza nyama alimwona akikata kona, akatokea mlango wa nyuma na aproni yake, asirudi hadi jioni, na marehemu akamsubiri hadi jioni hiyo hiyo, amekaa kwenye kigoda chake. Neno lililomchukiza kuliko yote lilikuwa kadiria, na ndani ya nyumba yake lilikuwa halitamkwi.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1984, na dereva wa lori la saruji, mtu wa vichekesho, ambaye walikutana kwenye mizani ya magari baada ya lori lake kuzidi uzito, marehemu akamzuia pale siku mbili, na siku ya tatu yule dereva akamwambia kwamba kwa kuwa ameshamzuia hivyo, basi amzuie moja kwa moja. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1986, akapimwa mara nne siku ya kwanza. Mwaka 2003 shemeji yetu aligundulika na ugonjwa wa figo, akapewa masharti ya maji, na marehemu akayasimamia masharti hayo kwa mkono wa kiranja, mpaka siku alipokuta nyuma ya sanduku la spana chupa ya lita moja na nusu, imebaki kidogo chini. Hakugomba, aliichukua ile chupa akaiweka katikati ya meza ya chakula, ikakaa pale wiki nzima, watu wakila wanaizunguka. Shemeji alifariki tarehe 22 Novemba 2006, mwezi wa tatu tangu aanze kuchujwa damu kwa mashine, na kuanzia siku hiyo marehemu aliamini kwamba kila mwanamume mwenye figo mbovu ana chupa mahali. Mtaona imani hiyo ilitufikisha wapi.

Alistaafu ukaguzi mwaka 2012, akasomea ushauri wa afya kwa miezi sita, na siku ya Jumatatu, tarehe 4 Februari 2013, akaanza kazi katika kliniki ya figo, chumba namba tisa, chenye mabenchi matatu, feni yenye panga moja lililopinda na mizani aliyoirekebisha mwenyewe kwa mawe yake ya shaba. Kwa wasiojua, mshauri wa afya si daktari wala muuguzi, kazi yake ni kuyachukua maneno ambayo daktari ameyasema kwa dakika tano na kuyafikisha hadi jikoni kwa mgonjwa, kikombe ni hiki na maji ni mpaka kwenye mstari huu mwekundu, mboga ichemshwe mara mbili na maji ya kwanza yamwagwe, chumvi ikae kwenye kabati la jirani, dawa ya presha imezwe hata siku unayojisikia mzima, na habari ya mashine uizungumze mapema kabla mashine haijaja kukuzungumza wewe. Wagonjwa wake walikuwa wale wa hatua ya nne na ya tano, ambao figo zao zimebakiwa na kazi kidogo sana, na kila siku saa moja asubuhi aliwapigia simu mmoja mmoja, akiuliza swali moja bila hata salamu, kilo ngapi.

Jumatatu walikutana wote, wakapanda mizani mbele ya wenzao, naye akasoma kwa sauti, na aliyeongezeka alibaki amesimama juu ya mizani hadi aeleze amekunywa nini, na yule mama wa duka la vitabu anakumbuka alivyosimama dakika ishirini kwa ajili ya vipande viwili vya tikiti maji, mpaka machozi yakamtoka, na marehemu akamwambia alie tu, hayo nayo ni maji yanatoka. Wapo waliokimbia wasirudi. Wapo pia kumi na mmoja mliokaa hapa ambao madaktari walisema mngeingia kwenye mashine ndani ya mwaka, mkakaa miaka minne na mitano bila mashine, na hilo ni kazi ya marehemu, na mdogo wake hana budi kulisema hata kama ulimi unamkereketa.

Sasa tufike kwenye ukurasa.

Mwezi Mei 2015 alijiunga na kundi la Jumatatu fundi cherehani mmoja, ambaye duka lake lilikuwa nyumba ya nne kutoka geti la kliniki, yeye na mkewe wakishona pamoja, mtu mpole, asiyeongeza hata nusu kilo. Kuanzia Januari 2017 hadi Juni uzito wake ulikuwa kilo sitini na nane, wiki baada ya wiki, na marehemu alimtaja kwa wenzake kuwa ndiye wa kuigwa. Siku ya Jumatatu, tarehe 5 Juni 2017, fundi alipanda mizani, ikasoma sitini na nane, akashuka, akatoa mfukoni futi yake ya kupimia nguo, akamwambia marehemu kwa heshima zote, "Mama, mimi mwili wangu naujua kwa inchi, suruali nimeipunguza kiuno mara mbili tangu mwaka uanze, na viatu haviniingii, sasa hizo sitini na nane ni za nini?" Marehemu akainama, akambonyeza mguu kwa kidole gumba, kikabaki kishimo, akainuka na kusema kwamba miguu ya anayekanyaga cherehani kutwa nzima lazima ivimbe, na kwamba arudishe futi yake mfukoni, hapa hatushoni suruali. Chumba kizima kilicheka. Mdogo wake marehemu alikuwepo siku hiyo, amepeleka vikombe vipya, naye alicheka.

Fundi alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 23 Juni 2017, mapafu yamejaa maji, na akazikwa Jumapili. Marehemu alisimama kwenye maziko kwa niaba ya kliniki, na mbele ya mjane na watu wote akasema kwamba inasikitisha, mgonjwa alikuwa anakunywa maji kwa siri. Hakuwa amemwona, wala hakuambiwa na mtu yeyote, alikuwa anaiona ile chupa ya nyuma ya sanduku la spana. Kabla watu hawajatawanyika, ndugu wawili wa fundi walikuwa wameshamzunguka mjane wakimwuliza ni nani alikuwa anampa kaka yao hayo maji, maana anayepika nyumbani ni mmoja tu, na tangu siku ile hawakumsalimia tena, wakamhesabu kuwa aliyemmaliza kaka yao ni yeye na birika lake.

Tarehe 3 Julai, siku nane baada ya maziko, daktari bingwa aliwakalisha watumishi wote na kuwaeleza kilichotokea, kwamba mgonjwa wa figo huweza kukonda nyama huku maji yakijaa mahali pa nyama, kilo moja ikitoka na kilo moja ikiingia, na mizani isione chochote, ndiyo maana kuanzia leo vifundo vya miguu vitapimwa kwa futi. Marehemu aliandika maelezo yote. Jumatatu iliyofuata alifika na futi mpya, akawapima wagonjwa vifundo, na alipoulizwa na mama wa duka la vitabu kama hili si lile wazo la fundi, alijibu kwamba huu ni utaratibu mpya, hauna mwenyewe. Mwezi Agosti mjane alikuja chumba namba tisa, akaweka juu ya meza futi ya marehemu mumewe, akasema, "Alisema upewe hii, alisema itakufaa," akaondoka. Marehemu aliileta nyumbani, akaitia kwenye droo, na kwa miaka mitano na zaidi, hadi alipoacha kazi, akapita mbele ya duka lile mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, akiangalia upande wa pili wa barabara.

Ugonjwa wake mwenyewe ulianza na presha mwaka 2018, ukafika hatua ya nne mwezi Februari 2022, akaacha kazi tarehe 16 Desemba mwaka huo, na mwezi Oktoba 2023 akaambiwa ni hatua ya tano na aanze maandalizi ya mashine. Aliyekabidhiwa kumshauri ni muuguzi ambaye marehemu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, yule mliyekuwa mkimwita Kivuli, ambaye alimpigia simu kila saa moja asubuhi, na marehemu akajibu kabla hajaulizwa, sitini na moja. Novemba sitini na moja, Januari sitini na moja, Aprili sitini na moja, hata robo haikusogea, na kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa namba hiyo kabla hajakalia kiti. Muuguzi alipouliza na kifundo cha mguu, alijibiwa sentimita ishirini na mbili, akaandika, maana ni nani angethubutu kwenda kumhakiki Mama Mizani.

Mdogo wake aliona. Aliona mabega ya blauzi yakiteremka, aliona mifupa ya shingoni, aliona viatu vya ndani vimekatwa kwa kisu pembeni ili mguu uingie, na asubuhi moja ya mwezi Machi akamwambia, "Dada, umekonda na miguu imevimba, twende hospitali." Marehemu, bila kuinua macho, akajibu, "Mizani haijasogea, wewe unasogea nini?" Mdogo akarudi jikoni. Kisha akanyamaza Aprili yote na Mei yote, na kwa kuwa leo ni siku ya kutaja vipimo kama vilivyo, aseme na hili, kwamba haukuwa woga peke yake, kulikuwa na raha fulani mbaya ya kumngoja mtu ambaye hajawahi kukosea, ili kwa mara moja akosee, mbele ya yule mtoto aliyepunjwa. Raha hiyo iliisha Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa mbili asubuhi, alipomkuta ameketi sakafuni bafuni, hawezi kuvuta pumzi. Alichujwa damu kwa mashine mara mbili, na Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akafariki dunia akiwa na miaka sitini na saba, kwenye kitanda chenye mizani yake, ambayo muuguzi wa zamu alisema siku aliyoingia ilisoma sitini na moja kamili.

Jumatatu droo ikafunguliwa, ndani tukakuta ile historia, futi ya fundi na daftari. Daftari lina safu mbili, zimepigwa mstari kwa rula, moja ameiandika Kilichopimwa na nyingine Kilichotajwa, na kuanzia tarehe 20 Novemba 2023 safu ya kutajwa inasema ishirini na mbili kila siku, na safu ya kupimwa inaanza ishirini na mbili, ishirini na tatu, inafika ishirini na sita mwezi Februari, na tarehe 2 Juni ni thelathini na moja. Kiuno nacho kimepimwa, kikishuka. Alijua, tangu mwanzo alijua, kuliko daktari na kuliko sisi, alikaa peke yake kila asubuhi na futi ya yule mtu, akajipima, akaandika ukweli, kisha akapokea simu na kudanganya, mkaguzi aliyefungia maduka ya watu kwa gramu thelathini. Mwanawe anasema aliogopa mashine iliyomwondoa baba yake, na huenda ni kweli. Mdogo wake anasema alijua kwamba siku atakayotaja sentimita ishirini na sita, fundi atakuwa amesema kweli, akaona heri afe.

Na haya ndiyo maneno yake, yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu, yanasomwa kama yalivyo. "Siku ya maziko ya fundi nilisema alikunywa maji kwa siri. Sikuwa na ushahidi. Hakunywa, na mkewe hakumpa. Alikuja na kipimo sahihi nikamcheka mbele ya watu. Aliyekosea kupima ni mimi. Isomwe nikishakufa."

Isomwe nikishakufa. Duka lilikuwa nyumba ya nne kutoka getini, miaka saba, na maneno yenyewe hayamalizi dakika moja. Mdogo wake anampenda dada yake na amelia hadi sauti imekauka, lakini kuomba radhi wakati huwezi tena kuangaliwa usoni ni rahisi mno, na marehemu mwenyewe angekuwa mkaguzi wa radhi hiyo angeifungia.

Familia inawashukuru daktari bingwa na wauguzi wa wodi, inamshukuru Kivuli, ambaye asijilaumu, maana alidanganywa na bingwa wa vipimo, inawashukuru majirani waliotuletea viti na maturubai, wakaguzi wenzake wa zamani, na wagonjwa wa Jumatatu. Inawashukuru pia wale ndugu wawili wa fundi, waliokaa benchi la mwisho karibu na mlango, ambao walikubali kuja bila kuambiwa sababu, na sababu sasa wameisikia, pamoja na watu wote.

Mwisho tunamshukuru mjane wa fundi. Jumanne mdogo wake marehemu alikwenda dukani kwake kuomba amshonee dada yake gauni la kuzikiwa, kwa kuwa nguo zake zote zilikuwa hazimkai tena, akampa daftari, futi na ule ukurasa wa mwaka 2017. Mjane aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama, kisha akasema atashona, ila ukurasa usomwe, na usomwe watu wakiwa wamejaa, shemeji zake wakiwemo. Vipimo hakuhitaji kuja kuvichukua. Alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari, akashuka na kidole kwenye ile safu ya kwanza, akaivaa shingoni futi ya mumewe, akakata kitambaa, akasema tu kwamba kiunoni atapunguza na miguuni ataacha nafasi.

Gauni limekaa sawasawa, dada. Pumzika.